Mama Hajakataa Chanjo

Ndugu zangu wa Mwanza, takwimu za afya ya mama na mtoto zinarudia jambo lile lile kila zinapotoka: kadiri mama alivyosoma, ndivyo mtoto wake anavyoelekea kumaliza chanjo. Hilo sibishi. Ninalolipinga, na nitalipinga tena, ni maneno yanayofuata: "Hawa hawajasoma, hawaelewi."

Wanaelewa! Nendeni Mwaloni pale Kirumba mkamwone mama wa dagaa anavyopiga hesabu ya mkopo na nauli kichwani. Tatizo liko kwenye kadi ya kliniki. Hebu ishikeni. Penta, sindano moja ya kukinga magonjwa matano, wiki ya 6, ya 10, ya 14. Kisha kimya mpaka surua, miezi 9, na tena miezi 18. Tarehe ya kurudi imechorwa kwa kalamu ndani ya kisanduku kidogo, mwandiko wa haraka. Aliyemaliza darasa la saba ataisoma, au atauliza, "Nesi, nirudi lini?" Asiyesoma anaona aibu kuuliza. Akichelewa anafokewa mbele ya wenzake, na safari ya pili haji. Shule haikumfundisha yule wa kwanza chanjo inavyofanya kazi mwilini. Ilimpa ujasiri wa kuuliza.

Sasa sikilizeni. Kambi za dagaa zinahesabu siku kwa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, giza likiingia taa zinawashwa ziwani. Giza moja hadi jingine ni siku 29 au 30, karibu sawa na zile wiki 4 za Penta. Basi nesi, mwambie mama, "Rudi giza lijalo." Surua ni giza la sita baada ya Penta ya mwisho. Andika tarehe, lakini sema pia kwa mdomo!

Mtaniuliza: mbona wapo wasomi wanaokataa chanjo? Wapo, na wanahitaji mazungumzo yao. Mimi namsemea mtoto aliyepata Penta mbili, kambi ikahamia kisiwa kingine, ikawa ndiyo basi. Surua inataka watoto 95 kati ya 100 wawe wamechanjwa ndipo ikose pa kupita.

Elimu ya msingi kwa wote iliazimiwa hapa hapa kandoni mwa ziwa, Musoma, mwaka 1974, na bado kuna akina mama hawajui kusoma. Mtoto wa wiki 6 hawezi kungoja mama yake aende shule.

Na baba? Nauli ya mtumbwi iko mfukoni mwake, na huenda kasoma kuliko mkewe. Aitwe naye kliniki, aisome hiyo tarehe.