Kinyesi cha Kimelea: Kuitazama Malaria kwa Mwanga Usioonekana

Hamjambo nyote. Kabla sijawasha projekta, naomba ile rimoti ya televisheni. Asante, dada. Sasa fungueni kamera za simu, ile ya mbele ya kujipigia picha, mzielekeze huku. Nikibonyeza, macho hayaoni kitu, lakini kwenye skrini kuna nukta inamweka. Mmeiona? Hiyo ni infraredi. Simu nyingine huichuja, kwa hiyo usiyeona usininunie.

William Herschel ndiye aliyeigundua, mwaka 1800, kwa mche wa kioo na vipimajoto. Aliupasua mwanga wa jua ukatoa rangi zake, akaweka kipimajoto kando ya nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote. Joto likapanda. Ukiinamia jiko la makaa, miale hiyo ndiyo inayokuchoma uso.

Maabara tunatumia miale yenye mawimbi marefu kuliko ya rimoti, maikromita 2.5 hadi 10 hivi. Vifungo vya kemikali havitulii, ndugu zangu. Kaboni na haidrojeni zimeshikana kama kwa springi, zinatetema, na kila kifungo kina mdundo wake. Mwale wenye mdundo huohuo humezwa, mwingine hupita. Tukisoma kilichomezwa, tunajua hapa kuna protini, pale kuna mafuta, bila tone la rangi ya Giemsa, ile tunayopaka damu ili vimelea vionekane kwenye hadubini.

Sasa tumfuate kimelea. Plasmodium falciparum, mmoja wa vimelea vya malaria, akishaingia kwenye chembe nyekundu ya damu, chakula chake ni hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Protini anaila, lakini hemu, ile sehemu yenye madini ya chuma, inabaki, nayo ni sumu kwake. Anafanyaje? Anaifungasha kuwa fuwele ngumu, hemozoini. Kinyesi chake hicho, kwa lugha ya nyumbani. Punje hizo nyeusi ndizo zilizomvuta daktari Mfaransa Alphonse Laveran kule Constantine, Algeria, hadi akakiona kimelea chenyewe mwaka 1880. Kwenye infraredi fuwele hiyo ina alama mbili, karibu na 1,660 na 1,210 kwa kipimo chetu cha mawimbi kwa kila sentimita. Zinatokana na jinsi hemu zinavyoshikana zikiwa fuwele.

Ungesema basi, kazi imekwisha. Haijaisha. Mgonjwa akichomwa kidole Kisumu, damu inayotoka huwa na vimelea vichanga, vile tunavyoviita pete. Mzunguko wao ndani ya chembe ni saa 48 hivi, na wakishakomaa, chembe walizomo hujibandika kwenye kuta za mishipa midogo ndani ya mwili. Kidoleni hawarudi. Na pete hajala vya kutosha: hemozoini yake ni ya kutafuta kwa tochi! Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waligeukia mafuta, kwa kuwa kimelea kichanga kina haraka ya kujijengea utando, na utando hujengwa kwa mafuta. Kwangu mimi huo ndio werevu wenyewe, kuliko hiyo fuwele inayosifiwa kila mahali.

Halafu kuna vikwazo vya kuchekesha. Mara ya kwanza niliweka damu kwenye slaidi ya kawaida, nikapata mchoro ambao upande mmoja ulikuwa giza tupu. Nikalaumu mashine. Kumbe kioo, kinachopitisha mwanga wa macho vizuri hivyo, kwa sehemu kubwa ya miale hii ni ukuta wa mawe. Tunatumia visahani vya kalisi floridi, vinavyoipitisha, na kimoja kikikuponyoka mkononi utakitazama kwa huzuni. Maji nayo humeza karibu na 1,640, palepale penye protini, kwa hiyo sampuli lazima ikauke. Tena chembe nyekundu ina upana wa maikromita 7 au 8 tu, na wimbi lenyewe linaweza kufika 10. Ni kama kupapasa shanga ukiwa umevaa glavu za bustani.

Wenzetu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, Tanzania, walikigeuza kikwazo cha maji kuwa njia: matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, mashine ya infraredi ya mezani, na kompyuta iliyofunzwa kutofautisha damu yenye vimelea na isiyo navyo. Matokeo waliyatoa mwaka 2019. Picha ya chembe mojamoja hupati, lakini jibu unapata.

Je, hadubini ya zahanati kule Siaya tuitupe? Hapana, jamani, tena msiithubutu. Naona mkono kule nyuma. Karibu, kaka.