Kuchagua Distro ya Linux kwa Ajili ya Gemu: Tuanze na Mashine Tuliyo Nayo

Ndugu zangu mliofika jioni hii, wazazi mlioongozana na vijana wenu, nanyi mliotoka Sengerema na Magu ili kuwahi hapa Nyamagana, nawashukuru sana. Nimeombwa nijibu swali moja: mtu anayetaka kucheza gemu kwenye Linux achague distro ipi? Jibu ninalo na nitalitoa bila kuzunguka, lakini litamfaa yule aliyekwisha kuijua mashine yake, kwa sababu wengi wetu hapa mjini tunatumia laptopu zilizofanya kazi maofisini ng'ambo miaka kadhaa kabla ya kutufikia, na mashine ya namna hiyo haichaguliwi distro kwa kufuata ushauri wa mtu mwenye kompyuta ya mwaka huu.

Linux kwa maana yake halisi ni kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa inayoongoza prosesa, kumbukumbu na diski, ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Distro ni kerneli hiyo ikiwa imefungashwa pamoja na draiva (programu zinazoiwezesha kuviendesha vifaa kama kadi ya michoro) na maelfu ya programu nyingine, kisha kundi la watu likajitwika kazi ya kuitunza. Kwa mchezaji, tofauti za distro ni tatu tu: upya wa draiva, namna masasisho yanavyokuja, na kile anachokikuta tayari siku ya kwanza.

Gemu nyingi tunazozipenda ziliandikwa kwa ajili ya Windows. Zinachezeka kwenye Linux kwa sababu ya Proton, programu ya kuendeshea gemu za Windows ndani ya Linux, ambayo kampuni ya Valve iliitoa mwaka 2018 ikiwa imeijenga juu ya Wine, mradi wa kuendesha programu za Windows nje ya Windows ulioanza mwaka 1993. Ndani ya Proton kuna DXVK, ambayo huyachukua maagizo ya michoro ya Direct3D, mfumo wa Windows, na kuyageuza kuwa ya Vulkan, mfumo ambao Linux inauelewa. Proton huletwa na Steam yenyewe, duka la gemu la Valve, nayo ni ileile ukiwa kwenye distro ya Mint, Fedora au Arch. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona vijana wakihama distro tatu kwa mwezi mmoja, bando likiteketea, wakitafuta kasi ambayo haimo katika distro yoyote. Distro inayojiita ya gemu hukupunguzia kazi ya kusakinisha Steam, draiva na mipangilio ya padi, lakini haiwezi kuifundisha chipu ya mwaka 2012 jambo ambalo haikuundwa kulijua.

Wiki iliyopita kijana wa jirani aliniletea laptopu mbili za HP EliteBook, moja 8470p na nyingine 840 G3, ambazo alitaka kununua mojawapo. Ile ya zamani ndiyo iliyomvutia: nene, imara, herufi za kibodi hazijafutika hata moja. Tuliziwasha kwa flashi yenye Linux, tukafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, tukaandika lspci, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani, tukautafuta mstari wenye neno VGA, unaoitaja chipu ya michoro. Ya kwanza ilijitambulisha kuwa ni Intel ya kizazi cha tatu, ambayo michoro yake ni HD 4000; ya pili ikaandika HD Graphics 520. Mistari hiyo miwili ilimaliza mjadala. DXVK, tangu toleo la 2.0 la mwaka 2022, inataka Vulkan 1.3, na HD 4000 haifiki huko. Draiva yake yenyewe huonya kwamba Vulkan kwenye chipu hiyo haijakamilika. Katika mashine kama hiyo inabidi uandike PROTON_USE_WINED3D=1 %command% kwenye mipangilio ya kuwashia gemu ili kazi irudi kwa OpenGL, mfumo wa michoro wa zamani zaidi, kisha uridhike na gemu za zamani na mwendo wa taratibu. HD 520 inaifikia Vulkan 1.3, ingawa nguvu zake ni chache na gemu nzito utazipunguzia ubora wa picha. Kijana yule alikuwa amekwisha kupakua distro ya gemu kwa ajili ya ile nene.

Wenye kadi za michoro za NVIDIA wana hesabu nyingine. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilitangaza kwamba draiva za tawi la 580 ndizo za mwisho kwa vizazi vya Maxwell na Pascal, na humo zimo GTX 1050 na GTX 1060 ambazo wengi wenu mnazo. Kwa mwenye kadi hizo, distro inayokimbilia draiva mpya kila inapotoka ni mzigo, na distro inayotunza draiva za zamani kwa utulivu ni rafiki. Kwa AMD mambo ni mepesi, kwa kuwa draiva yake imo ndani ya kerneli na Mesa, mkusanyiko wa draiva za michoro unaokuja na distro. Aliyenunua kadi mpya kabisa ndiye anayehitaji kerneli mpya, na huyo Fedora itamfaa kuliko Debian, distro isiyo na haraka ya kubadilisha kerneli.

Sasa niseme juu ya bando na umeme, mambo ambayo ushauri wa ng'ambo huyapita kimya. Arch na jamaa zake hazina matoleo. Masasisho hutiririka mwaka mzima, na anayekaa muda mrefu bila kusasisha hukuta rundo kubwa linalobadilisha mambo mengi kwa mara moja. Niliwahi kuweka distro ya ukoo huo kwenye kompyuta yangu ya nyumbani Nyakato. Nilikaa miezi minne bila kuisasisha kwa kubana bando, na siku nilipojipa moyo, umeme ulikatika kerneli mpya ikiwa inaandikwa. Kompyuta haikuwaka hadi nilipoiokoa kwa flashi, kazi iliyonichukua usiku mzima. Fedora ina matoleo, lakini kila toleo hutunzwa kwa takriban miezi 13, kisha huna budi kuhama.

Bazzite, iliyojengwa juu ya Fedora, imelipatia tatizo la umeme dawa ninayoistahi sana. Mfumo wake haubadilishwi kipande kwa kipande: mfumo mpya huandaliwa pembeni, ule wa zamani hubaki ulivyo, na ule mpya ukigoma unachagua wa zamani kwenye menyu ya kuwashia. Ila upakuaji wake ni wa gigabaiti kadhaa. Mwenye intaneti isiyo na kikomo naye aichukue kwa moyo mweupe. Anayenunua bando la siku, hapana.

Kwa hiyo jibu langu kwa wengi wa waliomo ukumbini humu ni Linux Mint 22. Imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 (jina Ubuntu, mkumbuke, limetoka katika lugha za Kibantu za kusini na ni ndugu wa neno letu utu), na itatunzwa hadi mwaka 2029. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 iwekewe Mint ya Xfce, yenye mwonekano mwepesi. Yenye 8 na kuendelea itaibeba Mint ya Cinnamon, yenye mwonekano mzito kidogo, bila kulalamika.

Kuna gemu ambazo distro haitazitibu. Gemu za mpira za EA, tangu FIFA 23, zina mlinzi wa kuzuia udanganyifu anayeizuia Proton, na wapenzi wa mpira hapa Mwanza ni wengi mno kuwaficha jambo hilo. Valorant na Fortnite nazo zimefunga mlango, na Apex Legends iliufunga mwaka 2024. Kama gemu yako ni mojawapo, bakisha Windows kwenye sehemu yake ya diski. Counter-Strike 2 na Dota 2 zina matoleo ya Linux kabisa.

Ukibakisha Windows, usiziweke gemu za Proton kwenye sehemu ya diski ya NTFS, muundo wa Windows wa kuhifadhia mafaili, kwa kudhani utazitumia pande zote mbili. Proton hutengeneza mafaili ambayo majina yake na viungo vyake Windows haivielewi, na gemu huanza kugoma bila sababu inayoonekana. Zipe sehemu ya ext4, muundo wa Linux.

Kwa vijana mnaocheza kwa vikundi, tangu mwaka 2023 Steam inaruhusu gemu kuhamishwa kati ya kompyuta zilizo kwenye ruta moja. Mmoja anapakua gigabaiti 30, na wenzake wanne wanaivuta kutoka kwake badala ya kila mmoja kulipia bando lake.

Mezani hapa nimeleta flashi mbili za Mint, moja ya Cinnamon na moja ya Xfce, ambazo huwasha kompyuta bila kugusa diski yake. Aliyekuja na laptopu asogee, tuanze na lspci.