Bukta Nyekundu Zilinikimbiza

Wananchi, mashabiki wenzangu wa Yanga, mko salama? Na nyie wa upande wa pili, watu wa Simba, karibuni, leo siwatanii sana. Nipo jikoni kwangu hapa Hamburg, hilo mnalosikia nyuma ni birika.

Leo namjibu mjomba wangu wa Temeke. Kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, tatu zote analalamika: "Mtoto wa Jangwani unavaaje fulana yenye fuvu la kichwa? Yanga imekukosea nini?" Shikamoo mjomba. Yanga haijanikosea kitu. Fulana ni ya St. Pauli, timu ya hapa Hamburg. Ila na wewe nikuseme hadharani: una Arsenal tangu mimi sijazaliwa, na siku ikifungwa hata chai hunywi. Nani kakuuliza?

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Hamburg ina timu mbili zenye majina. Kubwa ni HSV, na nilipofika jamaa mmoja akanipeleka kuwaona. Timu ikatoka: fulana nyeupe, bukta nyekundu. Nyekundu na nyeupe, jamani! Nikajiona kama nimekosea njia nimekaa na watu wa Msimbazi, Simba wenyewe. Na wenyewe wanajiita hivyo hivyo kwa Kijerumani, Bukta Nyekundu. Mpira ulikuwa mzuri, watu wakarimu, moyo ukakataa kabisa. Kwa hiyo mjomba, St. Pauli sikuichagua mimi. Jangwani ndiyo iliyonichagulia.

St. Pauli ndiyo hao wa fuvu na mifupa. Jezi yao ya kahawia; sijui nani alikaa chini akaamua kahawia. Uwanja wao, Millerntor, uko jirani na Reeperbahn, mtaa wa starehe za usiku. Mama, usiulize. Uwanja hauingizi hata watu 30,000, yaani ni nusu ya kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar, na zaidi ya nusu yao wanasimama dakika zote tisini. Ukizoea majukwaa ya mzunguko ya kwa Mkapa hapo uko nyumbani, isipokuwa baridi ya Februari inayopanda kuanzia kwenye soksi.

Kilichonishangaza ni hiki. Msimu wa 2024/25 walimaliza wa 14 kwenye Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, na watu wakashangilia kwamba hawajashuka daraja. Wa 14! Sisi Jangwani ukimaliza wa pili ni msiba, kocha anatafutiwa nauli. Mimi nilisimama pale nikijaribu kufurahi na wenzangu, na kusema kweli nilichukua muda kujifunza. Huku nafungwa Jumamosi, Jumatatu nakwenda kazini nimenyooka. Yanga ikifungwa nazima simu, maana najua majirani zetu wa Simba kule Kariakoo wameshaanza kututania kwa kuandika "vyura".

Lakini Mei 2024, wananchi! Jumapili tarehe 12, St. Pauli wanaifunga Osnabrück 3-1, wanarudi Bundesliga baada ya miaka 13. Watu wakamwagika uwanjani. Mimi sauti imekauka, nimelala na skafu. Kesho yake, Jumatatu tarehe 13, Yanga wanaifunga Mtibwa Sugar, na matokeo ni yale yale, 3-1. Ubingwa wa 30. Siku mbili, timu mbili, matokeo mamoja. Nililia ile ya pili tu, mjomba. Ya kwanza nilicheka sana, nilikumbatiana na wazee nisiowajua, lakini chozi halikutoka. Nimeshaeleweka?

Halafu msidhani ni mimi tu niliyeunganisha. Dar na Hamburg ni miji dada tangu 2010. Kwa hiyo hata serikali za miji zinanitetea.

Ngoja nigeuze kamera mwone. Majira ya baridi tuko nyuma yenu saa mbili, kwa hiyo mechi ya saa kumi na moja jioni ya Dar huku inaanza saa tisa alasiri. St. Pauli wakipangiwa Jumamosi mara nyingi ni saa tisa na nusu. Zinagongana. Basi hii hapa runinga, ya Yanga. Na ile simu pale, imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya kula, ndiyo St. Pauli. Haina sauti.

Birika limechemka. Mjomba, nasubiri dakika nne nyingine.