Jeni Nzima Iliyonyamaza: Herufi Moja Kabla ya Duffy

BARAKA: Karibuni tena. Leo tuna jeni moja tu mezani, ACKR1 ya kromosomu ya 1. Ndiyo inayotengeneza Duffy, protini ambayo kimelea cha malaria aina ya vivax huishika ili kuingia kwenye chembe nyekundu za damu. Dada Mwanaidi, Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana Duffy kwenye chembe hizo. Jeni yao imefutika?

MWANAIDI: Haijafutika. Sehemu inayobeba maelekezo ya protini ukiisoma mwanzo hadi mwisho, ni nzima. Kasoro iko nje yake, herufi 67 za DNA kabla ya mahali maelekezo hayo yanapoanzia: T imekuwa C. CTTATCT imegeuka CTTACCT. Ukikuta mahali pengine wameandika -46, usishtuke, herufi ni ileile, wamehesabu tu kutoka pengine.

BARAKA: Herufi moja inanyamazisha jeni nzima?

MWANAIDI: Tuitazame mashine kwanza. RNA polimerasi ya 2, inayonakili jeni kuwa RNA, ina vipande 12, na pamoja na ukubwa wote huo haiwezi kujitafutia pa kuanzia. Lazima promota, kipande cha DNA kinachotangulia jeni, iwe wazi, maana DNA huzungushwa kwenye madonge ya protini ziitwazo histoni, herufi 147 kila donge. Kisha TFIID, kundi la protini saidizi, inatua, na ndani yake kuna protini TBP inayoikunja DNA kwa pembe ya digrii kama 80. TFIIB, msaidizi mwingine, inafuata, halafu polimerasi yenyewe ikiwa imeshikana na TFIIF. Mwisho wanakuja wasaidizi TFIIE na TFIIH.

BARAKA: TFIIH ndiyo yenye kazi nzito.

MWANAIDI: Tena kazi mbili. Inatumia ATP, nishati ya seli, kufumua nyuzi mbili za DNA, kipande cha herufi kumi na kitu. Pia inabandika fosfeti kwenye mkia wa polimerasi, ambao kwa binadamu ni kipande cha amino asidi saba kilichorudiwa mara 52. Hapo polimerasi inaachana na walioishikilia na kuondoka.

BARAKA: Inakwenda moja kwa moja?

MWANAIDI: Wapi! Kwenye jeni nyingi inasimama tena baada ya herufi 20 hadi 60 hivi, mpaka protini nyingine, P-TEFb, ije kuiachilia. Virusi vya UKIMWI vinalijua hilo: Tat, protini yao, huivuta P-TEFb ije pale pale. Lakini kwa Duffy, hatufiki hata huko.

BARAKA: Na mashine hiyo iko kwenye kila seli. Nani basi anachagua jeni?

MWANAIDI: Protini zinazosoma maneno mafupi ya DNA. Kwenye seli za uboho zinazokuja kuwa chembe nyekundu, kubwa lao ni GATA-1. CTTATCT ukiisoma kwenye uzi wa pili ni AGATAAG, na GATA unaiona hapo katikati. C ikiingia, inakuwa AGGTAAG. GATA-1 haipati pa kushika, na isiposhika haiwaiti wengine. Tena uamuzi huo ni wa ubohoni, kwa sababu chembe iliyokomaa haina kiini. Kisichonakiliwa kule hakitanakiliwa katika siku 120 za uhai wake.

BARAKA: Na nje ya damu?

MWANAIDI: Seli za kuta za vena ndogo hazitegemei GATA-1 kwa jeni hii, kwa hiyo zinaendelea kutengeneza Duffy. Benki ya damu inaliona jambo hilo. Mgonjwa wa selimundu mwenye kasoro hii kwa kawaida hatengenezi kingamwili dhidi ya Fyb, aina moja ya Duffy, kwa kuwa mwili wake unaijua kutoka kwenye mishipa. Dhidi ya Fya, aina ya pili, anaweza kutengeneza, hiyo ndiyo ya kuepuka anapoongezewa damu.

BARAKA: Maabara hukosea wapi?

MWANAIDI: Wanapima sehemu ya protini peke yake. Wanaona FY*B, jeni ya Fyb, ni safi, wanaandika kwamba ana Fyb, na chembe zake hazina kitu. Praima za PCR, vipande vinavyochagua sehemu ya DNA ya kupimwa, lazima zifunike promota. Majibu ya DNA yakipishana na ya antisera, yaani maji yenye kingamwili ya kupimia chembe, angalia -67 kabla ya kulaumu antisera. Na mwenye nakala moja tu yenye kasoro bado ataonekana na Duffy, ila kama nusu ya kiasi.

BARAKA: Halafu kuna ile ripoti ya Madagaska, 2010: vivax ilikutwa ndani ya watu wasio na Duffy.

MWANAIDI: Ndiyo, na haikuwa Madagaska peke yake. Tafiti za karibuni zimekuta Duffy kidogo, kwa muda mfupi, kwenye seli changa za uboho za watu hao hao. Basi GATA-1 ikikosa pa kushika, jeni haifi kabisa. Inanong'ona, na huenda kimelea kinaisikia kule ubohoni, mahali ambapo kipimo cha damu ya kidoleni hakifiki.