Kobalti, simu na kura: uamuzi unafanyikia wapi?

MDOGO: Jambo kwenu mnaotusikiliza hapa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na ninyi mlio mbali na nyumbani. Mimi ni Mdogo, niko na Yaya kama kawaida. Leo tunaongea juu ya teknolojia mpya, jinsi inavyogeuza biashara, uchumi na uchaguzi wetu. Yaya, ulisema una hamu ya kuanza na kobalti, yale madini ya betri.

YAYA: Ndiyo, maana kila mtu hapa Katanga ana ndugu anayekula kutokana nayo. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kupeleka kobalti nje ya nchi. Sababu ilikuwa bei. Mwaka 2022 ratili moja ilifika karibu dola 40. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa kama dola 10. Sasa mimi nauliza: nani aliishusha?

MDOGO: Hapa mjini watu husema Wachina wamejaza soko.

YAYA: Wana haki, lakini wanasema nusu ya habari. Kampuni ya China, CMOC, yenye migodi ya Tenke Fungurume na Kisanfu, ilitoa tani zaidi ya 114,000 mwaka 2024. Hiyo ni nyingi mno. Na ujue kobalti yetu inatoka pamoja na shaba. Bei ya shaba ikiwa nzuri, wanachimba shaba, na kobalti inatoka tu hata kama hakuna aliyeiomba. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza.

MDOGO: Na ya pili?

YAYA: Ya pili ilitokea maabara. Betri za magari ya umeme tulizozoea kuzisikia zinatumia nikeli, manganizi na kobalti. Kuna aina nyingine, LFP, inayotumia lithiamu, chuma na fosfati. Ndani yake hakuna kobalti hata chembe. Ni nzito zaidi kwa umeme uleule, lakini ni rahisi kwa bei, inadumu, na si nyepesi kushika moto. Mwaka 2020 BYD, kampuni ya magari ya China, walitoa betri yao ya aina hiyo, wengine wakafuata. Kufika 2024, karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani zilikuwa LFP, na China peke yake karibu robo tatu.

MDOGO: Ngoja, yaya. Sisi ndio tunatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Wataalamu wachache wanakaa Shenzhen kule China, wanachagua chuma badala ya kobalti, na mchimbaji wa Kolwezi anakosa ada ya shule ya watoto?

YAYA: Ndivyo ilivyo. Na hakuna aliyemwonea kwa makusudi, ndiyo maana jambo hili ni zito. Ukidhulumiwa na mtu unaweza kumshitaki. Lakini fundi aliyetengeneza betri nzuri kwa bei ndogo utamshitaki kwa kosa gani? Amefanya kazi yake. Kwangu mimi hapo ndipo uchumi unapogusana na demokrasia. Teknolojia inahamisha mahali ambapo uamuzi juu ya maisha yako unafanyika, na hakuna anayekuletea barua kukuambia umehamia wapi.

MDOGO: Lakini serikali ilijibu. Tarehe 16 Oktoba 2025 katazo likaondolewa, tukaingia kwenye mgawo wa kupeleka nje: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na vilevile 2027. Mimi nilifurahi, sitaficha. Mwaka 2024 tulitoa kama tani 220,000, kwa hiyo tumekata zaidi ya nusu, na bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Ni lini tena Mkongo alisema neno, dunia ikasikia?

YAYA: Nami nilifurahi. Ila nina mambo mawili. Kwanza, bei ikipanda sana, wenye viwanda vya magari wanapata sababu nyingine ya kukimbilia LFP. Mlango tunaoufunga ili tuheshimiwe unaweza kuwafundisha wapitie kwingine.

MDOGO: Hilo wachumi wanalibishania. Simu na kompyuta ndogo bado zinaitaka kobalti, na injini za ndege pia.

YAYA: Sawa, haitakufa kesho. Jambo la pili linaniumiza zaidi. Katika zile tani 96,600, tani 87,000 zimegawiwa makampuni, na 9,600 ziko mikononi mwa ARECOMS, mamlaka inayosimamia soko la madini ya kimkakati. Sisemi ARECOMS wamefanya ubaya. Nasema raia wa Ruashi au wa Kamalondo angepaswa kuweza kujua tani hizo zinakwenda kwa nani, kwa bei gani, na mchimbaji mdogo anapata fungu gani. Uamuzi umerudi kutoka Shenzhen hadi Kinshasa, vizuri sana. Sasa nataka niuone.

MDOGO: Na pesa yenyewe? Wasikilizaji hutuuliza kila mara: madini yanaondoka, sisi tunabaki na vumbi.

YAYA: Hapo sheria ipo, na ni nzuri kuliko watu wanavyofikiri. Kanuni ya Madini ilibadilishwa 2018, na mwishoni mwa mwaka huohuo kobalti ikatangazwa kuwa madini ya kimkakati, ushuru wake ukawa asilimia 10. Ushuru huo haubaki wote Kinshasa. Nusu inakwenda serikali kuu, asilimia 25 mkoa, asilimia 15 inakwenda moja kwa moja kwa eneo lenye mgodi, yaani komini, sekta au usultani, na asilimia 10 ni akiba ya vizazi vijavyo.

MDOGO: Asilimia 15 moja kwa moja kwa eneo! Wangapi wanajua?

YAYA: Wachache. Na hapa simu inaweza kufanya kazi ya kweli. Ripoti za ITIE, ule mpango wa uwazi wa madini, zinapatikana kwenye intaneti. Mikataba mingi ya migodi pia. Mtu mwenye simu na inite kidogo, yaani salio, anaweza kuona kampuni imesema imelipa kiasi gani, halafu aende kwa viongozi wa eneo lake na namba mkononi. Kwa baba yangu hilo lisingewezekana, karatasi zilikuwa zimefungiwa kabatini.

MDOGO: Ila ripoti ziko kwa Kifaransa kizito, yaya, kurasa mamia. Mama anayeuza bukari kando ya mgodi hawezi kuzisoma.

YAYA: Basi kuna kazi kwa vijana wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi. Programu za akili bandia sasa zinaweza kufupisha kurasa mia tatu na kuzileta kwa Kiswahili. Zinakosea, hasa kwenye namba, kwa hiyo mtu lazima asome na kulinganisha. Na Kiswahili chetu cha Lubumbashi haziko nacho sawasawa, zinajua zaidi kile cha Dar es Salaam. Lakini kijana mmoja mwangalifu anaweza kusomea kijiji kizima kwa jioni moja. Kama ningekuwa na mwanafunzi leo, hiyo ndiyo kazi ningempa.

MDOGO: Tuhamie sokoni. Mimi nikiangalia soko la komini yetu ya Kenya, hapa Lubumbashi, badiliko kubwa kuliko yote ni pesa ya simu. M-Pesa ilifika Kongo 2012, Airtel na Orange nao wana za kwao. Zamani mama anayeleta unga kutoka Kasumbalesa mpakani alikuwa anafunga noti ndani ya kitenge na kusali njia nzima. Leo anatuma.

YAYA: Na simu inashika dola na franka, kila moja kwenye mfuko wake. Hilo limetusaidia sana sisi ambao noti ya dola ikichanika kidogo tu hakuna anayeipokea. Dola ya ndani ya simu haichaniki.

MDOGO: Sasa sema ubaya wake, najua unakuja.

YAYA: Si ubaya, ni swali lilelile. Kila unapotoa pesa kuna makato. Nani aliyapanga? Kila ukinunua na kutuma, kuna kompyuta inaandika. Kesho ukiomba mkopo mdogo kwa simu, kompyuta hiyo inakupa au inakunyima, na hutaambiwa sababu. Afisa wa benki angalau ungeweza kumtazama machoni, ukamwambia: mwanangu alikuwa mgonjwa mwezi ule, ndiyo maana sikuweka pesa. Kanuni ya Dijitali ya Machi 2023 inalinda habari za mtu, inataka zitumike kwa ridhaa yake. Lakini ridhaa ya kubonyeza namba moja bila kusoma, mimi naiona nyembamba.

MDOGO: Mimi ningependa tuongee kidogo juu ya kadi. Ukitaka kusajili simu, unahitaji kitambulisho. Na kwa miaka mingi Kongo, kitambulisho cha watu wengi kimekuwa kadi ya mpiga kura.

YAYA: Eyo. Ongea hapo, maana ni muhimu.

MDOGO: Kadi moja inafungua kura yako, laini yako na pesa yako. Kadi zilizotolewa kwa uchaguzi wa 2023, nyingi zilifutika mapema. Picha ikapotea, jina likapotea. Nchi nzima iliona. Watu walilia juu ya kura, na walikuwa na haki. Lakini fikiria yule ambaye siku hiyohiyo laini yake imeibwa, anakwenda kuirudisha akiwa na kadi isiyosomeka. Pesa yake iko ndani ya laini ile. Wino mbaya unamzuia kuchagua mbunge na unamzuia kula.

YAYA: Sikuwahi kuifikiria hivyo. Tunajenga uchumi mzima wa kisasa juu ya kipande cha plastiki kilichochapwa haraka kwa ajili ya kampeni.

MDOGO: Na uchumi huo unaweza kuzimwa. Tulipiga kura tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ikakatwa, na ujumbe mfupi wa simu ukakatwa pia. Ikarudi karibu siku ishirini baadaye, wakati Mahakama ya Katiba inathibitisha matokeo. Serikali ilisema ni kuzuia uongo usienee. Ila aliyekuwa anauza viatu kwa WhatsApp hakuwa anaeneza uongo wowote.

YAYA: Mimi nasema wazi: kukata intaneti wakati wa kuhesabu kura ni kosa, serikali yoyote ikifanya. Uongo unajibiwa kwa kutoa matokeo ya kila ofisi ya kura mapema na hadharani. Ukizima, uongo unahamia midomoni, na ukweli unakosa pa kupita.

MDOGO: Lakini tusiwaache watu na huzuni tu. Mnakumbuka RAM, ile tozo ya simu? Mwaka 2020 makampuni ya simu yalianza kukata inite zetu kwa ajili ya rejista ya simu, dola moja kwa mwaka kwa simu ya 2G, saba kwa 3G na 4G. Uliweka inite asubuhi, mchana haziko.

YAYA: Na watu wakakataa. Wakaandika, wakaandamana, wakawasukuma wabunge, waziri akahojiwa bungeni. Mwaka 2022 ikaondolewa. Unajua kwa nini lile lilifaulu? Kila mtu aliona kwa macho yake kiasi kilichokatwa na saa kilipokatwa. Simu ileile iliyotumika kutoza ndiyo iliyotoa ushahidi.

MDOGO: Tumalizie na mashine ya kura. Ilianza 2018, imetengenezwa na Miru Systems ya Korea Kusini, zaidi ya laki moja zikaletwa. Unagusa picha ya mtu wako kwenye skrini, karatasi inatoka, unaitia kwenye sanduku. Wewe unaiamini?

YAYA: Naiamini karatasi. Mashine ni printa, na printa si adui wangu. Mimi nauliza iko kwa nani kabla ya siku ya kura. Januari 2024 CENI, tume ya uchaguzi yenyewe, ilifuta kura za wagombea 82, na kati ya makosa yaliyotajwa ilikuwa kushika mashine za kura kinyume cha sheria. Hapo hakuna siri ya kompyuta. Ni kifaa kilichotoka mahali pake, na watu walikitoa.

MDOGO: Kwa hiyo raia afanye nini, asiyejua kompyuta?

YAYA: Abaki mpaka kura zihesabiwe. Karatasi ya matokeo inabandikwa kwenye ofisi ya kura, hiyo ni haki yake. Apige picha, ionekane namba ya ofisi na sahihi za mashahidi. Mwaka 2018 Kanisa Katoliki lilituma waangalizi wapatao 40,000, na ndiyo maana neno lao lilikuwa na uzito: walikuwa na namba kutoka chini. Sasa kila mtu ana kamera mfukoni. Kinachokosekana ni mahali pa kuzikusanya, pasipomilikiwa na chama chochote, na watu watakaolinganisha picha moja na nyingine ili wagundue ya uongo.

MDOGO: Na picha za uongo zitakuja. Sasa hata sauti ya askofu inaweza kutengenezwa.

YAYA: Zitakuja nyingi. Ndiyo maana mkusanyaji lazima awe mtu mnayemjua kwa sura: mwalimu wa mtaa, katekista, mwenyekiti wa wauzaji sokoni. Atumie kompyuta kupanga, lakini akiulizwa picha hii ilitoka kwa nani, ajue.

MDOGO: Kama kuna parokia, shule au chama cha wauzaji hapa Lubumbashi ambacho kimeshaanza kazi hiyo, tuandikieni, tutawaalika mkae nasi mezani. Wiki ijayo tunakwenda Likasi, tutaongea na wanawake wanaoosha mawe. Yaya, aksanti.

YAYA: Aksanti, mdogo wangu. Na ninyi mliokaa nasi, aksanti sana.