Sikio Hutangulia Mkono: Muziki na Mtoto wa Lamu

Mhadhara uliotolewa mbele ya wazazi na walimu, Lamu

Masheikh wetu, walimu, wazazi na vijana, asalaam aleikum. Swali ambalo wazazi huniuliza zaidi ni la umri: mtoto aanze kufundishwa muziki lini, akiwa na miaka mitano au saba? Jawabu langu ni kwamba mtoto wa Lamu huwa amekwisha kuanza kabla mzazi hajauliza, na kosa letu kubwa ni kumpokea darasani kana kwamba hajui kitu.

Mwaka 2005 watafiti wawili, Erin Hannon na Sandra Trehub, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wachanga wa Amerika ya Kaskazini. Waliwasikilizisha nyimbo za nchi za Balkani, ambazo mapigo yake hayagawanyiki sawasawa kama ya nyimbo za majumbani kwao, kisha wakayavuruga mapigo hayo kwa makusudi. Watoto wa miezi sita walitambua hitilafu katika nyimbo za kigeni kama walivyoitambua katika nyimbo za kwao. Waliokwisha kufikia mwaka mmoja waliitambua katika za kwao tu. Lakini walipopigiwa nyimbo za Balkani nyumbani kwa muda mfupi, uwezo ule uliwarudia, ilhali watu wazima waliosikilizishwa vivyo hivyo hawakufika walipofika watoto. Kwa hiyo sikio huanza likiwa wazi kwa kila pigo, halafu huzoea lile linalosikiwa kila siku, na kulizoeza jingine ukubwani ni kazi.

Basi tuangalie kinachosikiwa hapa kila siku. Mtoto wa mitaa yetu ya Mkomani au Langoni huamshwa na adhana, akenda chuo cha Kurani akamfuatisha mwalimu kwa sauti, na usiku wa arusi akasinzia mapajani mwa bibi yake huku wanawake wakipiga vugo, pembe zikigongwa kwa vijiti. Najua wapo kati yetu wasioridhia kisomo cha Kurani kitajwe pamoja na muziki, nami sikiiti muziki. Nasema tu kwamba sikio linalosikiliza ni lile lile. Na katika hayo yote mna sauti ambazo kinanda cha kawaida hakina. Sauti ya tatu ya makamu ya rasti, yaani mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, imekaa baina ya vibonyezo viwili, si hiki wala kile, na mtoto aliyekulia katika kasida huweza kuiimba bila kuelekezwa na mtu. Tukimpa kinanda akiwa na miaka minne tukamwambia kuwa hizo ndizo sauti zote zilizopo, ataanza kuirekebisha sauti yake ifuate chombo, na baadaye atawasikia wazee wake kama watu wanaokosea. (Vinanda vinavyoweza kurekebishwa vitoe sauti hizo vipo, ila aghalabu si hivyo anavyonunuliwa mtoto.)

Udi, ile ala ya nyuzi, ndio unaolidhihirisha jambo hili. Shingo yake, tofauti na ya gitaa, haina vigawanyo vya kumwonesha mpigaji aweke kidole wapi. Kidole hukitafuta kile ambacho sikio limekwisha kukijua. Sikilizeni upigaji wa marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa Lamu aliyefariki mwaka 2016, nanyi mtanielewa. Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla wa Japani, aliujenga mfumo wake wote juu ya msingi huo huo: mtoto ajifunze muziki kama alivyojifunza lugha ya mamake, kwa kusikia na kuiga, na kusoma nota kuje baadaye. Nakubaliana naye karibu yote, ila yeye ilimbidi awasihi wazazi wapige santuri nyumbani kila siku, na sisi kazi hiyo twafanyiwa na mtaa.

Mfungo Sita ukiingia, nendeni kwenye maulidi ya Msikiti wa Riyadha, mtazame pembeni mwa safu ya waimbaji badala ya katikati. Mtamwona mtoto aliyekaa karibu na wanaopasha matari moto ili ngozi ikaze. Hapewi tari. Kwanza huyumba pamoja na safu, kisha hupiga makofi, kisha hupiga paja lake mwenyewe, na siku atakapolishika tari, mkono wake utakuwa umebakisha machache ya kujifunza. Akipotea katika mwendo, bega la jirani humrudisha, na hakuna anayemhesabia moja, mbili, tatu.

Shuleni mambo ni tofauti. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, umeupa muziki nafasi katika madarasa ya mwanzo, na hilo ni jema. Lakini mara nyingi nafasi hiyo huliwa na mazoezi ya Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Sina ugomvi na tamasha. Ugomvi wangu ni kuwa kwaya ya mashindano huchagua wenye sauti nzuri, na mtoto wa miaka saba akiambiwa afumbue mdomo tu bila kutoa sauti, huamini kuwa muziki si wake.

Kuhusu akili nitasema kidogo. Uchunguzi maarufu wa mwaka 1993, unaotajwa na wanaodai kuwa kusikiliza muziki wa Mozart, mtunzi wa Ulaya, hunoa akili, ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, na faida yake ilidumu kwa dakika chache tu. Mzazi asimlipie mwanawe masomo ya udi kwa kutarajia alama za hesabu.

Ombi langu ni kwamba kabla ya miaka saba hivi tusinunue chombo chochote. Waimbe, wapige makofi na matari, wajifunze nyimbo za vugo na kasida kwa wazee wenyewe, walioitwa darasani na kulipwa. Baadaye waje kwenye udi na fidla, kisha nota. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kule Unguja kimekuwa kikifundisha taarabu darasani kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo si ndoto. Kinachotukwamisha ni malipo: mpiga nai, yaani filimbi, hana cheti cha ualimu, na shule haina fungu la kumlipa asiye na cheti. Mkuu wa shule peke yake hawezi kulitatua hilo, na ndilo ningependa tulianze nalo katika maswali.