Kuitengeneza Banshee kwa mbio za mchangani: spoketi kwanza, jeti baadae

Haya jamani assalamu alaykum, karibuni tena gereji. Leo ndo ile video mloniomba toka mwezi wa Ramadhani, namna ya kuiweka sawa tustroki (injini ya mipigo miwili) kwa mbio fupi za mchangani, gia na mafuta basi, mambo ya paipu (eksozi za mbio) na kuchonga silinda siku nyengine inshallah maana hayo ukianza huyamalizi.

Hii hapa ni Yamaha Banshee, kwadi, yaani pikipiki ya miguu minne, silinda mbili, cc 347, Marekani waliiuza kuanzia 1987 mpaka 2006 wakaacha, lakini huku Ghuba ukienda jangwani ijumaa yoyote ya baridi utaisikia kabla hujaiona. Ile sauti ya nyuki alokasirika. Ni ileile.

Sasa kabla sijashika spana nataka mnielewe kitu kimoja, kwa sababu nusu ya maswali yenu yanatoka hapa. Watu wanaanza na jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopimia mafuta. Mtu ananiandikia "mie nina paipu nimeweka jeti kadhaa naona haivuti", namuuliza spoketi yako (gurudumu la meno la cheni) meno mangapi, hajui! Babu, ukibadilisha gia unabadilisha mzigo wa injini, gia ndefu inaikalisha injini kwenye mzigo muda mrefu, joto linapanda, na ile jeti ilokuwa tamu jana leo inakuunguzia pistoni. Kwa hiyo tairi kwanza, halafu spoketi, halafu ndo tuje kwenye kabureta, na usirudi nyuma bila kupima upya.

Tairi. Hizi za nyuma ni za makasia, za kuchotea mchanga, inchi 22 zimeandikwa ubavuni, za kiwandani zilikuwa inchi 20. Usiamini kilichoandikwa. Chukua chaki, weka alama kwenye tairi na nyengine sakafuni, mwambie mtu wa uzito wako apande, sukuma taratibu mpaka alama ya tairi irudi chini, pima na futikamba. Kwa hesabu tupu inchi 20 inakwenda kama mita 1.6 kwa mzunguko mmoja na 22 inakwenda kama 1.75, ya kwenu itatoka pungufu kidogo kwa sababu tairi inabonyea. Pima zote mbili, kulia na kushoto! Kwadi hii eksili yake ni moja ngumu haina difu ya kuziachia tairi zizunguke mbalimbali, tairi moja ikiwa kubwa kuliko mwenzake itakuvuta upande njia nzima na wewe utalaumu upepo.

Haya, spoketi. Kiwandani inakuja na 14 mbele na 41 nyuma, gawa 41 kwa 14 unapata 2.93. Namba ikipanda gia inakuwa fupi, inachomoka haraka lakini inaisha mapema, ikishuka gia inakuwa ndefu. Sasa mie nimeweka tairi kubwa kwa asilimia 10, maana yake nimeirefusha gia bila kugusa spoketi, na ndo hapo watu wanapoliwa, ananunua makasia makubwa halafu anashangaa kwadi imekuwa nzito kama imebeba saruji. Ili nirudi nilipokuwa nahitaji 2.93 mara 1.1, inakuja 3.22, kwa hiyo 13 mbele na 42 nyuma, inatoka 3.23, hapo nimefika palepale pa kiwandani. Hapo ndo pa kuanzia, sio pa kumalizia.

Na kumbukeni jino moja la mbele ni sawa na kama matatu ya nyuma. Mbele unafanya hatua kubwa, nyuma unafanya hatua ndogo. We kijana sogeza kamera hapa, waone. Unafungua kifuniko, unanyoosha ile washa ilokunjwa, unafungua nati (mtu akushikie breki ya nyuma), toa, weka mpya, kunja washa tena usiiache wima. Cheni ukiikaza mtu awe amekaa juu, ikaze pale eksili, mhimili wa swingamu (ule mkono unaoshika tairi za nyuma) na spoketi ya mbele viko kwenye mstari mmoja, maana hapo ndo cheni inapokuwa imevutika kupita kote, ukiikaza kwadi ikiwa tupu imening'inia, ukikaa itakaza kama uzi wa gambusi na itakula beringi.

Sasa unajuaje gia yako ni sahihi? Wamarekani mbio zao za mchanga nyingi ni futi 300, yaani mita 91, sisi huku Bidiya, Oman, tunahesabu hatua mia tunachomeka kijiti. Urefu wowote, kinachotafutwa ni kimoja, unapokata mstari injini iwe ndo kwanza imepita kilele cha nguvu zake kwenye gia ya mwisho uloitumia. Kilele cha Banshee ya kiwandani kipo kama mizunguko elfu nane na nusu kwa dakika (rpm), ukiweka paipu za mbio kinapanda juu zaidi, angalia rpm yako sio ya jirani. Ukiwa unafika mstari injini bado inaguna inatafuta pumzi, gia ndefu, ongeza meno mawili nyuma. Ukiwa injini inalia weee na mstari bado uko mbali na kubadili gia nyengine hakuna faida tena, gia fupi, punguza. Kama mwanzoni inazama inakohoa, kwanza angalia makasia, makasia mengi sana yanashika mchanga kupita nguvu za injini, gia haina kosa. Na kama inanyanyuka miguu ya mbele kila ukiachia klachi hapo dawa ni swingamu ndefu, wengine wanapoza kwa gia ndefu, mie siipendi hiyo, unapoteza mwanzo wa mbio ili uendeshe kwa raha.

Kukimbiza mara tatu kwa kila badiliko. Mara moja haihesabiki.

Basi gia tumeipata, sasa mafuta. Kabla ya jeti pima uvujaji, ziba eksozi na sehemu ya kabureta, jaza upepo psi 6, subiri dakika 6, isishuke. Ikishuka paka maji ya sabuni utafute povu. Injini inayovuta hewa ya wizi huwezi kuiwekea jeti, utaongeza leo utaongeza kesho na pistoni itakwenda tu.

Petroli hapa kituoni tuna okteni 91, 95 na vituo vyengine 98. Sikilizeni hili nyie mnaofuata video za Wamarekani, namba zao zinahesabiwa kivyengine, 91 yao ni kama 95 yetu, na 93 yao ni kama 98 yetu. Mtu anasikia "weka 91" anakwenda anajaza 91 ya hapa kwenye kichwa cha kompresheni kubwa, injini inagonga, inanoki, kisha anasema Banshee mbovu. Oili mie nachanganya 32 kwa 1, lita 5 za petroli na mili 156 za oili, pimeni kwa kikombe chenye mistari sio kwa kifuniko cha chupa. Na ukiongeza oili ujue umepunguza petroli inayopita kwenye jeti, kwa hiyo uwiano uchague mmoja ukae nao.

Kabureta: kwadi hii mafuta unabonyeza kwa gumba, jeti ndogo inashughulika gumba likiwa halijabonyeza robo, sindano inashika katikati, robo tatu mpaka mwisho ni jeti kubwa. Kwenye mbio gumba liko mwisho muda wote, kwa hiyo jeti kubwa ndo mama. Ya kiwandani ni namba 200, namba ikipanda mafuta yanapanda. Ukishaweka paipu na filta za wazi hiyo haitoshi hata kidogo. Anza kubwa makusudi, mpaka injini iwe inabubujika juu haifunguki, halafu shuka hatua moja moja, silinda zote mbili sawa.

Kila hatua plagi mpya, NGK BR8ES ndo ya kawaida, kwa mbio ngumu nenda 9. Bonyeza mafuta mpaka mwisho, pandisha gia, ikiwa kwenye nguvu kamili zima swichi na vuta klachi kwa pamoja, acha ijiendee isimame. Usiirudishe ikinguruma taratibu hadi gereji, plagi itakusomea habari za gereji. Ikate plagi na msumeno, tazama chini kabisa ya ile kaure, unataka kijipete cha rangi ya kahawa. Hakuna pete, nyeupe tupu, mafuta machache, panda jeti haraka. Ukiona vidoadoa vinavyometa kama fedha hiyo ni pistoni yako inayeyuka, simama hapohapo.

Mie nilishaunguza. Niliweka jeti saa tisa mchana, joto 34, 280 ikawa tamu kama halua, nikalala na furaha, alfajiri baridi kama 14 nikaamka nikampiga mtu mbio, kufika nusu kikasikika kiii, silinda ya kushoto imeshika. Hewa ya baridi ni nzito, inataka mafuta zaidi, ilikuwa niweke 290 nilale. Kosa langu mwenyewe. Kinyume chake ni juu milimani, wale wa matuta ya St. Anthony kule Idaho wako mita 1,500 hivi, hewa nyepesi, jeti zao ndogo, usizinakili.

Wanaouliza methanoli: inapoza injini vizuri mno, lakini inataka kama mara mbili na zaidi ya mafuta, jeti nyengine, bomba nyengine, koki kubwa, na oili inayokubali kuchanganyika nayo kama ya mbarika, ya kawaida inajitenga inakaa chini. Inakula aluminiamu ukiiacha humo, kwa hiyo jioni unaisafisha kwa petroli. Na moto wake mchana hauonekani, mtu anaungua wewe unamtazama. Maji yawe karibu, glavu mkononi. Anayeanza abaki na petroli.

Kamba ya kuzimia ifungwe mkononi, helmeti, na mbele ya mstari pasiwe na mtoto anayepiga picha. Haya kijana nipishe, hii haina selfu ya kuwashia, kiki tu, na leo asubuhi ilikuwa baridi nishaipandishia jeti.